Wiki yetu tuihamishie kwenye fremuwaki mpya au tuiache?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni vijana wa Ujiji, Kigoma, tuna programu huria ya wiki (tovuti ambayo watu wengi wanaandika na kuhariri kurasa) tuliyoiandika wenyewe kwa lugha ya PHP tupu, hamna fremuwaki yoyote (msimbo uliotengenezwa tayari wa kujengea programu juu yake). Humo tunaweka majina ya samaki wa Ziwa Tanganyika, aina za nyavu, na maneno ya wazee wavuvi, na kuna vikundi vingine vimeshaichukua vinaitumia kwa mambo yao. Sasa kuna mwenzetu kajiunga, mkali kweli wa lugha ya Python, anataka tuandike upya upande wote wa seva kwa FastAPI, fremuwaki ya Python. Wengine wanasema Laravel, fremuwaki ya PHP. Ukitafuta neno kwenye wiki inachukua muda mrefu mno, na kila mchangiaji mpya analalamika kwamba msimbo haueleweki. Tumeanza kununiana kwenye grupu. Tufanyeje?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la kutafuta lishughulikieni leo leo maana halihusiani na fremuwaki kabisa. Kama data zenu ziko kwenye databesi ya MySQL na ombi lenu la kutafuta limeandikwa LIKE '%dagaa%', databesi inalazimika kupekua kila ukurasa mwanzo mwisho, na mkihamia Laravel au FastAPI na ombi lile lile itapekua vile vile. Wekeni indeksi ya FULLTEXT (orodha ya maneno na yalipo) kwenye safu ya maandishi, kisha mtafute kwa amri ya MATCH, mtaona tofauti jioni hiyo hiyo.

Hili la msimbo kutoeleweka ndo sababu ya kweli, na mimi naongezea usalama. Logini na fomu za kujiandikia mwenyewe zinanitia hofu sana, fremuwaki nzuri inakupa hayo yameshapimwa na watu wengi. Kwa hiyo ndiyo, hameni, ila nendeni Laravel, na msiandike upya kila kitu kwa mkupuo. Python ni lugha nzuri sana na huyo mwenzenu msimvunje moyo, lakini nyie wote mnajua PHP, na hao waliochukua programu yenu wengi wao nadhani wako kwenye hosting (sehemu za kukodi kuweka tovuti) za bei rahisi ambazo PHP inakubali bila shida, wakati kwa FastAPI mara nyingi watatakiwa wakodi seva yao wenyewe. Halafu jiulizeni, huyo mmoja akipata kazi Dar akawa bize, nani atarekebisha?

Angalieni wenzetu. Wikipedia ilianza Januari 2001 kwenye programu ya UseModWiki, ya lugha ya Perl, kurasa zinakaa kwenye mafaili, watu wakazidi ikashindwa, ndo 2002 Magnus Manske akaandika mpya ya PHP yenye databesi, na mwaka huo huo Lee Daniel Crocker akaiandika tena maana mzigo ulizidi. Ndiyo hii tunayoiita MediaWiki. Walihama kwa sababu walikuwa wanaumia. MoinMoin, programu nyingine ya wiki, nayo iliamua kujengwa upya juu ya Flask, fremuwaki ya Python, kazi ikachukua zaidi ya miaka kumi, huku toleo la zamani 1.9 limeganda kwenye Python 2, na Python 2 ikafungwa rasmi 1 Januari 2020. Waliokuwa wanaitumia wakabaki wamekaa juu ya lugha isiyotengenezwa tena, inasikitisha kwa kweli.

Fanyeni kama mtini unavyoota juu ya mchikichi, mmeuona huko kwenu, unaanzia juu unashusha mizizi taratibu na mchikichi bado umesimama. Martin Fowler, mwandishi wa mambo ya programu, aliuelezea mtindo huu wa kuhama tangu 2004. Laravel ikae mbele ipokee maombi yote, anuani ambayo haijaijua bado iipeleke kwenye msimbo wa zamani. Anzeni na logini. Hapo kuna mtego: Laravel inasimba kuki zake (vifaili vinavyokaa kwenye kivinjari cha mtu) na ina seshen yake (kumbukumbu ya nani ameingia), so mtu aliyeingia upande wa zamani ataonekana hajaingia upande mpya, kwa hiyo logini ihameni nzima, pande zote mbili zisome sehemu moja. Kama nywila mlihifadhi kwa password_hash ya PHP, inayozificha kwa njia ya bcrypt, zitakubali, kama ni kwa MD5, njia ya zamani isiyo salama, zibadilisheni kila mtu anapoingia. Kipande kinachogeuza maandishi ya wiki kuwa HTML inayosomwa na kivinjari msikiguse kabisa mwanzoni.

Na naomba sana, historia ya mabadiliko ya kurasa. Eloquent, sehemu ya Laravel inayoongea na databesi, kwa kawaida inajaza yenyewe created_at na updated_at (tarehe za kuundwa na kubadilishwa), mkihamisha data bila kuwa makini mabadiliko yote ya miaka yatapigwa tarehe ya leo na majina ya waandishi yanaweza kupotea njiani. Kama kurasa zenu zina leseni ya CC BY-SA, inayoruhusu kutumia kazi mradi umtaje mwandishi na usambaze kwa leseni hiyo hiyo, ile historia ndiyo inayowatambua wachangiaji, ukiipoteza umevunja leseni na umemnyang'anya mzee wa watu neno lake. Linki za zamani nazo zielekezwe kwa 301 (taarifa kwamba ukurasa umehamia anuani nyingine moja kwa moja), zisife.

Mjue pia Laravel inatoa toleo kubwa kila mwaka na kila toleo linapata marekebisho ya usalama kwa miaka 2 tu. Kwa hiyo kabla ya kuanza wekeni kwenye grupu majina ya watu wawili watakaobeba kazi ya kuapdeti. Wakikosekana hao wawili, bakini na PHP yenu, rekebisheni logini tu.

SWALI: Dada, sisi tuko Tabora, kikundi cha wafugaji nyuki, hatujui kuandika programu ila tunataka wiki ya kuweka maarifa ya mizinga na asali. Tutumie ipi?
Msomaji, Tabora

JIBU: DokuWiki. Ipo tangu 2004, ni huria, haihitaji databesi, kila ukurasa ni faili la maandishi. Nakala ya akiba mnakopi folda za data na conf kwenye flashi, basi. Fanyeni hivyo kila baada ya siku saba lakini, na hiyo flashi isikae chumba kimoja na kompyuta.