Gari inachemsha? Themostati usiitoe

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mie niko Chake, Pemba, nimenunua Toyota Altezza RS200 ya 2001, bado haijatimiza mwezi mkononi kwangu. Njia ya tambarare haina tabu, ila nikipanda vilima vya kuelekea Mkoani sindano ya joto inapita katikati. Fundi wangu kanambia tuitoe themostati, ile valvu ya maji ya kupozea injini, tuitupe, ati ile ni ya nchi za baridi, halafu nitie maji matupu na oili nzito, gari itatulia. Nikubali? Na gari kama hii nianze na kitu gani?

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Usikubali. Hata kama keshashika spana mwambie aiweke chini kwanza. Hilo neno la "themostati ni ya nchi za baridi" nalisikia kila mara gari ya zamani inapoingia gereji hapa Unguja na kwa kweli linanikera, mana limeshaua injini nyingi na anayelisema halipi kitu, anayelipa ni mwenye gari.

Hiyo injini yako, 3S-GE, imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto la nyuzi 80 na kitu. Chake mchana wa jua kali ni nyuzi 30 na kidogo, sasa 30 na 80 wapi na wapi? Kwa injini huku kwetu nako ni baridi. Themostati inakaa imefunga mpaka maji yafike joto lake, kwa Toyota nyingi ni 82 na namba imepigwa muhuri juu yake, ndo inafungua. Ukiitoa, unapokimbia njiani injini haifiki joto lake, kompyuta inaona bado ni baridi inazidi kumwaga petroli, ile petroli ya ziada na unyevu vinashuka kwenye oili na havipai, oili inageuka tope, ringi na silinda zinalika. Mtu ananiambia "lakini fundi sindano si imeshuka?" Imeshuka ndio, na injini inakwisha.

Na hichi ndo wengi hawakijui. Themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili kwa chini. Injini ikiwa baridi maji yanazunguka humo humo ndani kwa njia ya pembeni bila kufika kwenye rejeta, ikipata moto themostati inafungua njia ya rejeta na wakati huo huo kile kisahani kinaiziba njia ya pembeni. Sasa ukiitupa, ile njia ya pembeni inabaki wazi siku zote na maji mengine ya moto yanarudi kwenye injini hayajapoa, yani unapanda kilima, ndo pale unapotaka maji yote yapite kwenye rejeta, na mengine yanakwepa. Kwa hiyo gari ambayo ingechemsha kidogo inaweza kuchemsha zaidi. Kama mnaishuku themostati, itoeni muitie kwenye sufuria ya maji muichemshe muone kama inafungua, haifungui nunua mpya, si kitu cha bei kubwa, na wakati wa kuifunga kile kitundu chake cha kutolea hewa kikae juu.

Maji matupu nayo sitaki kuyasikia. Maji ya visima vyetu mengi yamepita kwenye mawe ya chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Litazame birika lako kwa ndani, ule ukoko mweupe ndo huo huo unaoziba rejeta, na chumvi inakula alumini, na silinda hedi yako ni ya alumini. Kulanti si dawa ya barafu tu, inazuia kutu, inachelewesha maji kuchemka, inalinda sili ya wota pampu. Changanya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale safi, sio asidi, soma chupa. Ikiwa kulanti yenyewe imeshachanganywa usiongeze maji.

Sasa hasa kwako mie ningeanza na kifuniko cha rejeta, mana presha yake ndo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 yakafika hadi 120 hivi, springi ikilegea faida hiyo imekwenda. Halafu rejeta kama imeziba, feni, wota pampu. Ukiwasha gari baridi kifuniko kikiwa wazi na mapovu yanatoka mfululizo hayakatiki, hapo shuku gasketi ya silinda hedi. Gari ikishapata moto hicho kifuniko usikiguse.

Mengine kwa haraka. Taiming belti, ile inayoendesha valvu: tafuta stika ya Kijapani ndani ya boneti yenye kilomita na tarehe, mwaka huwa wanauandika kwa hesabu yao kwa hiyo stika ya kabla ya Mei 2019 jumlisha 1988, ukiona 20 ni 2008. Huoni stika, badilisha, mana kwenye injini hii belti ikikatika valvu zinagonga pistoni. Wota pampu inazungushwa na belti hiyo hiyo kwa hiyo badilisha vyote kwa pamoja. Oili nzito hapana, hiyo VVT-i, mtambo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, inafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba, tia 5W-30 ya kweli. Oili ya breki nayo inanyonya unyevu na hewa yetu ndo hii, itoe yote utie mpya. Tairi soma namba nne za mwisho, wiki na mwaka, zisikudanganye kashata zake.

Na nyote mnaonunua gari hizi za mbio za zamani, jihadharini na mafundi wa mkato, wa kutoa themostati, wa kumimina dawa ya kuziba rejeta, wa kuunga feni na swichi moja kwa moja. Mtu kama huyo hatafuti tatizo, anatafuta sindano ishuke mpaka umlipe. Kabla hujatoa pesa, nenda asubuhi gari ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta, ukikuta maji ya rangi ya kutu ujue kulanti haijatiwa siku nyingi. Washa injini ushike mpira wa rejeta. Ukibaki baridi dakika kadhaa halafu ukapata moto ghafla, themostati ipo na inafanya kazi. Ukiwa vuguvugu tangu mwanzo, haimo au imekwama wazi. Na wewe wa Chake ifanye hiyo kesho kabla fundi wako hajafika, mana inawezekana aliyekuuzia keshaitoa zamani na ndo sababu gari inachemsha.