Maswali yenu: Ghorofa ya juu Mji Mkongwe

Tangu nyumba kubwa za Mji Mkongwe wa Zanzibar zianze kukatwa vipande na kuuzwa ghorofa kwa ghorofa, barua nyingi zinazonifikia ni za watu wanaoitaka ile ya juu kabisa. Wanataka upepo, bahari, majahazi na machweo. Nimechagua chache. Walioniuliza bei nimewaacha, isipokuwa mmoja, ili niseme mara moja kwa wote.

Dalali amenionyesha ghorofa ya tatu Shangani. Imekarabatiwa, kuta zote nyeupe, dari mpya, bado inanukia rangi. Nikague nini kabla sijalipa? (Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam)

Hiyo harufu ya rangi ndiyo ya kwanza kukutia wasiwasi. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kisha huyatoa, unapumua. Fundi asiyeujua, au anayeujua lakini ana haraka ya kulipwa, huupiga lipu ya saruji kwa sababu inakauka upesi na inapendeza macho. Maji yakishaingia nyuma ya saruji hayana pa kutokea. Yanapanda na chumvi yake, lipu inavimba na kubanduka, na ndani mle udongo ulioshika mawe unageuka tope. Ukuta unaouona mzima unaliwa kwa ndani. Nimeyasema haya mara nyingi kiasi cha kuwachosha wasomaji wangu wa zamani, na nitaendelea kuyasema, maana kila nikipita vichochoroni naona mifuko ya saruji imepangwa kwenye mabaraza.

Ugonge ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia uwazi, lipu imeachana na jiwe. Kisha uende kwenye dari. Sakafu za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Boriti huanza kuoza kwenye ncha, pale ilipoingia ukutani, ambapo jicho halifiki. Hiyo dari mpya imezificha zote. Mwambie muuzaji aifungue mahali pawili: karibu na bafu, na upande wa ukuta wa nje. Chukua bisibisi uchome ncha ya boriti. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ondoka. Akikataa kuifungua dari, ondoka pia.

Na nenda wakati wa masika. Nyumba iliyokaguliwa Januari, kaskazi inavuma na kila kitu kikavu, haikuambii kitu.

Nyumba ina zaidi ya miaka mia na bado imesimama. Kwa nini mnatutisha? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Swali hili huja kila mwezi kwa maneno yaleyale, na huwa linaniuma. Beit-al-Ajaib, lile jumba kubwa la masultani, ilijengwa 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka mbele ya Forodhani, kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wakafa. Nyumba ya chokaa husimama miaka mia kama kila mwaka yupo mtu wa kuziba paa na kupaka kuta. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilibadilisha mikono, familia kadhaa zikaishi chini ya paa moja na hakuna hata mmoja aliyekuwa na wajibu wa paa lile. Miaka hiyo ndiyo unayoinunua. Kwa hiyo muulize muuzaji nani alikuwa akiitunza, na alifanya nini hasa.

Wananiuzia kwa dola. Bei hiyo ni nzuri? (Msomaji, Nairobi)

Sijibu bei za nyumba nisiyoiona. Ukishajua hali ya paa, boriti na hati, bei utaijua mwenyewe.

Ghorofa ina bafu moja pembeni. Naweza kuongeza mawili, kila chumba kiwe na lake, na tangi la maji juu? (Msomaji, Tanga)

Waliojenga nyumba hizi walikuwa na akili: vyoo viliwekwa kona moja, kimoja juu ya kingine, maji yakashuka njia moja. Ukianza kutawanya mabafu, unapeleka maji juu ya boriti ambazo hazikuumbiwa maji. Bomba litavuja, hata kidogo tu chini ya vigae, na wewe hutaona. Atakayeona ni jirani wa chini, siku dari yake inapomshukia. Katika nyumba nilizowahi kuitwa kuzitazama, chanzo cha uharibifu mara nyingi kilikuwa bafu la ghorofa ya juu, kuliko hata mvua.

Tangi nalo: lita 1,000 za maji ni tani nzima. Usiliweke katikati ya chumba wala katikati ya paa. Likae juu ya makutano ya kuta nene, na fundi anayejua nyumba za chokaa aseme wapi. Bila tangi, hata hivyo, ghorofa ya juu ni mateso, kwa kuwa maji hayapandi yenyewe, na pampu inataka umeme. Walioishi hapa kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kiko gizani, wanakumbuka kupanda ngazi na ndoo.

Na kabla ya hayo yote, huruhusiwi kugusa ukuta bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Kibali cha mwenye nyumba wa zamani, au cha fundi, si kibali.

Assalaam alaykum. Nimezaliwa Zanzibar, nina uraia wa Oman. Binamu yangu amepata ghorofa ya juu mtaa wa Malindi, hapo Mji Mkongwe, na anasema tuiandike kwa jina lake, mimi nilipe. Kuna ubaya? (Msomaji, Muscat)

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Upo, tena mkubwa. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na haki ya kuitumia hupewa Mzanzibari. Raia wa kigeni, hata kama kitovu chake kimezikwa Malindi, hana haki hiyo. Njia iliyo wazi kwake ni kukodi ardhi kwa uwekezaji, au kununua sehemu ya jengo lililosajiliwa kwa Sheria ya Kondominiamu ya 2010, yaani jengo moja lenye wamiliki wengi, kila mmoja na sehemu yake. Ukiiandika kwa jina la binamu, mbele ya sheria nyumba ni ya binamu. Leo mnapendana. Kesho akifariki, nyumba inaingia katika mirathi yake: mke wake, watoto wake, mama yake. Wewe utabaki na ujumbe wa simu kwamba ulituma pesa. Nimeona ndugu wa damu wakiacha kuzikana kwa jambo hili.

Hujaniuliza, lakini lazima nikuulize: hiyo nyumba ni ya nani? Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, mali iliyotengwa kwa ajili ya Mungu. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, haupewi mtu zawadi. Anayekaa humo ni mpangaji, na anachoweza kukuuzia, kwa jina lolote atakaloliita, ni nafasi tu ya kuingia mahali pake kwa kilemba, yaani pesa ya kumfanya akupishe. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana uulize kwa namba ya nyumba, usiulize kwa jina la muuzaji. Kisha uende kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huo, maana yeye anajua nani anaishi, nani anadai, na kesi gani ipo kwa kadhi.

Ikiwa si wakfu, huenda ni mirathi isiyogawanywa. Babu alikufa miaka arobaini iliyopita, na warithi sasa ni ishirini, wengine hapo Muscat na wengine Mombasa. Saini ya mmoja haiuzi fungu la mwenzake. Dai hati ya mgawanyo na ridhaa ya kila mmoja. Ukiambiwa "hao wengine hawana neno", wao ndio wa kuwatafuta kwanza.

Mimi ni wa ghorofa ya juu. Paa likivuja, nani analipa? (Msomaji, Mombasa)

Hili ndilo swali nililotamani kila mtu aulize, na mwaka huu limeulizwa na mtu mmoja.

Kama jengo limesajiliwa kwa kondominiamu, paa, ngazi na kuta za nje ni mali ya wote, na wote huchanga. Lakini ghorofa nyingi zinazouzwa hazikusajiliwa hivyo. Ni karatasi ya mauziano kati ya watu wawili, na paa halikutajwa popote. Hapo paa linakuwa lako siku ya kulipa, na la wote siku ya kuanika nguo.

Nyumba moja Kiponda ilikuwa na wenyewe watatu. Chini duka, kati familia, juu mwalimu mstaafu niliyemfahamu. Paa lilikuwa bapa kama yalivyokuwa ya kale, kisha likaezekwa mabati, na mabati kwa chumvi ya bahari yakaliwa na kutu. Mwalimu aliwaita wenzake wachange. Mwenye duka alisema mvua haimfikii. Wa kati alisema hana. Mwalimu akaziba alipoweza kwa pensheni yake. Masika ya pili maji yalishukia ndani ya ukuta, boriti za ghorofa ya kati zikaanguka usiku. Kwa rehema za Mungu chumba kilikuwa kitupu. Baada ya hapo wote watatu walilipa, tena mara nyingi zaidi ya bei ya mabati, na mwalimu aliuza kwa hasara akahamia Fuoni.

Kabla hujalipa, bisha hodi milango yote ya chini. Kaa na majirani, kunywa nao kahawa, uwaulize mchango wa mwisho ulitolewa lini. Mkubaliane kwa maandishi. Wasipotaka kuandika kabla hujanunua, hawataandika ukishanunua.

Msikiti uko ubavuni. Adhana ya alfajiri haitanisumbua? (Msomaji, Arusha)

Kama itakusumbua, usinunue Mji Mkongwe.

Nataka kuweka viti juu ya paa, wageni wa kukodi kwa siku wakae jioni. Kuna tatizo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kutoka juu ya paa lako unaona ua wa nani? Nyumba za mji huu zimefungwa kwa nje na kufunguka kwa ndani kwa sababu ya sitara. Akina mama hupika, hufua na kukaa uani bila mtandio wakijua hakuna jicho. Ukiwaweka wageni juu yao na glasi mkononi, umewatoa kwenye nyumba yao. Jenga kizuizi upande huo, kwa kibali, au acha. Jirani akilalamika, mimi niko upande wake.

Gari litafika mlangoni? (Wasomaji watano)

Katika vichochoro vingi halitafika, wala gari la zimamoto. Nunua mitungi ya kuzimia moto na ukague nyaya za umeme zote.

Nina miaka 61, naishi Leicester, nataka kurudi nyumbani nizeekee juu huko Mkunazini nikitazama mapaa kama nilivyokuwa mdogo. Unasemaje?

Karibu nyumbani, dada yangu. Nakuomba kitu kimoja kabla ya vyote. Ukija, panda ngazi za nyumba hiyo mara tatu kwa siku moja: asubuhi kutoka sokoni Darajani na kapu la samaki na ndizi, mchana wakati wa jua, na usiku taa zimezimwa. Ngazi za nyumba hizi ni za wima na nyembamba, vidato havilingani. Fikiria siku magoti yamekataa, au siku ya kubebwa kwenda hospitali. Mama yangu aliishi juu hadi mwisho, na miaka yake mitatu ya mwisho hakushuka.

Tafuta ya chini, au ya kati, yenye daka, ile sehemu ya kukaa mlangoni, na baraza nje. Watu watakupitia kukusalimu.