Mbuzi mweusi wa babu yako

Mama yangu,

Nakuita hivyo kwa kuwa umebeba jina lake, na leo habari ni zake.

Juzi ulinitumia picha ya ile nyota ya shaba, nishani ya vita ya babu yako, uliyoikuta kabatini kwa shangazi yako, yenye utepe mwekundu katikati na buluu pembeni, ukauliza: "Baba, babu alipokuwa Bama, bibi alijuaje kama yu hai?" (Bama ni Burma, hiyo mnayoiita Myanmar, na vita ni vile vya pili vya dunia.) Ukataka nikujibu kwa sauti ya dakika mbili. Dakika mbili hazitoshi, na sauti yangu siku hizi ina kikohozi. Nimeamua kuandika.

Alijua kwa hela.

Babu yako aliingia jeshini 1942, akapangwa kikosi cha 36 cha Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kikosi cha sisi watu wa Tanganyika. Mwaka uliofuata wakapandishwa meli Kilindini kwenda Ceylon, hiyo mnayoiita Sri Lanka, kufundishwa vita vya msituni. Sehemu ya mshahara wake ilikatwa na kuletwa Songea, na kila mwezi wake za askari walikwenda bomani kuipokea. Bibi yako alitembea kutwa nzima, baba yako mkubwa akiwa mgongoni. Karani anasoma majina. Jina la mumeo likisomwa, mumeo yu hai. Hakuna aliyewaambia kwamba hesabu ni hiyo. Wanawake waliipanga wenyewe pale chini ya mwembe. Wewe mumeo akichelewa kujibu saa moja tu unanipigia simu mimi, kana kwamba nimemficha.

Basi mwaka 1944 jina halikusomwa miezi mitatu mfululizo. Na miezi ileile ukawa umeingia uvumi wa meli. Meli yenyewe ilikuwa kweli: Khedive Ismail, ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari. Ilizama kwa dakika chache mno, watu karibu 1,300 wakafa, miongoni mwao mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Babu yako hakuwamo, alikwisha kuvuka zamani. Lakini uvumi ulifika kijijini bila tarehe wala jina la meli. Wakwe wakaanza kunong'ona habari za matanga. Bibi yako akakataa kunyolewa. Aliwaambia, "Nionyesheni karatasi." Mwezi wa nne jina likasomwa, na hela za nyuma zote zikatoka. Kumbe zilikuwa zimeandikwa kwenye jalada la mtu mwingine mwenye jina kama lake. Hakuna aliyemwomba radhi.

Barua nazo zilikuwepo, ila ziangalie zilivyosafiri. Babu yako hakujua kuandika alipoondoka. Alikaa mbele ya mwalimu wa jeshi, akawaza kwa Kingoni, akasema kwa Kiswahili cha kambini. Mwalimu akaandika. Ofisa akaisoma na kufuta majina ya mahali. Ikavuka bahari, ikafika kwa katekista, naye akamgeuzia bibi yako kwa Kingoni. Kati ya mume na mke, watu watatu! Utamwambia nini mkeo mbele ya halaiki ile? Nusu ya barua ilikuwa salamu: msalimie fulani, msalimie na fulani. Halafu mvua. "Mvua ya huku haipumziki." Halafu, kila mara, swali moja: "Mbuzi wangu mweusi hajambo?"

Mbuzi huyo alichinjwa siku ya kumuaga. Babu yako mwenyewe ndiye aliyekula paja.

Katekista alikuwa anamjua mbuzi, na shughuli ile alihudhuria. Akamwambia bibi yako, jamani, huyu mwenzako vita vimemvuruga akili, mwandikie ukweli. Bibi yako akasema, "Andika hajambo, anakula vizuri." Maana yeye alikwisha elewa. Makarani wengine kambini walikuwa na barua moja ya kunakili kwa kila askari. Swali la mbuzi aliyekwisha liwa lisingeweza kutoka kichwa kingine.

Ambayo hakuyaandika nimeyasikia kwake nikiwa kijana, kidogo kidogo, hasa akiwa amelewa kangara. Agosti hadi Desemba 1944 waliteremka bonde la Kabaw kwenye matope ya kufika magotini, wakipanga magogo ili magari yapite. Watu waliliita Bonde la Mauti. Chakula kilidondoshwa na ndege kwa parachuti, na mawingu yakishuka hamna ndege, hamna kula. Walimezeshwa vidonge vya malaria vilivyowageuza macho na ngozi kuwa njano. Mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin, na wahandisi wakatandaza daraja la chuma la mita 350 hivi. Daraja alilisimulia kwa raha, hadi hesabu ya mitumbwi iliyolibeba. Wenzake waliobaki bondeni hakuwasimulia. Ukimuuliza alikuwa anaanza upya habari za daraja.

Utauliza barua ziko wapi. Mwaka 1971 bibi yako aliingia kisomo cha watu wazima, na alipoanza kuunganisha silabi alizitoa kwenye debe akajisomea mwenyewe. Alisoma mbili, akaangua kicheko hadi nikatoka nje kuona kuna nini. Kila barua katekista alikuwa akimalizia na "mume wako anasema usikose misa." Hapakuwa na misa hata mstari mmoja! Debe lile lilipotea 1974 tulipohamia kijiji cha ujamaa. Gari lilikuja siku moja kabla ya siku tuliyoambiwa, na tuliporudi kuchukua vilivyobaki paa lilikwisha bomolewa na mvua imeingia. Alizililia kuliko mahindi.

Vita viliisha 1945, ila meli za kuwarudisha zilikuwa chache, kwa hiyo alifika nyumbani 1946, jioni, akitembea kutoka barabarani na sanduku la mbao kichwani. Bibi yako alikuwa anapepeta. Anasema hakupiga hodi wala kutoa salamu. Alisimama uani, mwembamba, akauliza, "Mbuzi wangu mweusi yuko wapi?"

Bibi yako hakuinua uso kwenye ungo. Akasema, "Si ulimla."

Baba yako