Re: Mihuri ya viazi inatoka madoa matupu, fisi haonekani

Habari mwalimu. Kwa hiyo shida ni kwamba watoto wanagonga mihuri ya viazi kutengeneza picha za hadithi ya sungura na fisi, ila rangi inasambaa, karatasi inajikunja na wanyama hawaeleweki.

Cheki kwanza kiazi chenyewe, kikikatwa kinatoa maji, kifute na tishu kabla hakijagusa rangi. Na wasichovye! Weka sponji kwenye kisahani, mimina rangi nzito juu, mtoto agonge kwenye sponji ndo aende kwenye karatasi. Rangi ikiwa majimaji ongeza gundi nyeupe kidogo. Karatasi ya rimu lazima ijikunje, chukua manila.

Sasa wanyama, mi siku hizi siwaambii wagonge mnyama kabisa. Siku ya kwanza wanajaza tu karatasi kwa kugonga, bamia iliyokatwa inatoa alama kama maua, limau magurudumu, jani la mpapai unalipaka upande wenye mishipa, zinakauka mpaka kesho yake ndo wanakata maumbo humo, yenye madoadoa inakuwa fisi, ya kijani vichaka, ya bluu mto. Mbingu na ardhi zibandikwe kwanza, wahusika wasigundishwe, waachwe hivyo hivyo wawasogeze huku wanasimulia, hapo ndo utacheka maana kwangu fisi aliishia kuoa kwa kina sungura.

Rangi za kitambaa sijazitumia kwa kazi hii, aliyezijaribu aseme.