Shona, Kisha Andika Jina: Ushauri kwa Fundi Anayetaka Kutundika Mfarishi Wake

Mfarishi, yaani blanketi la viraka vilivyoungwa, ukiwa kitandani, mtu huugusa aone kama unatia joto. Huohuo ukitundikwa ukutani, mtu hurudi nyuma hatua mbili tatu, hukunja mikono, kisha hutafuta ile karatasi ndogo ya pembeni asome nani kaushona. Karatasi hiyo ndiyo mada yangu ya leo. Mafundi wenzangu wengi mnanitumia picha za kazi zenu na kuniuliza habari za uzi, sindano na bei. Sijaona hata mmoja aliyepiga picha mgongo wa kazi yake, pale jina linapopaswa kukaa.

Mimi ni fundi wa nguo, mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Houston, Texas. Kuunga viraka nilikuanza kwa sababu ya mabaki. Ukishona magauni ya vitenge kwa ajili ya harusi za Watanzania na Wakongo wa mji huu, vipande vinajaa mifuko na roho inauma kuvitupa. Na Houston ina bahati yake: kila mwaka kuna tamasha kubwa la mifarishi, lililoanzishwa na Karey Bresenhan mwaka 1974 kama shughuli ya duka lake, ambalo sasa hukusanya washonaji kutoka pande zote za dunia. Humo ndimo nilipofumbuka macho.

Kwa asiyejua, mfarishi ni tabaka tatu. Juu kuna viraka vilivyoungwa kwa mpango, katikati pamba, chini bitana, kisha mishono inapita kote kuzikamata zote tatu zisihame. Mishono hiyo ndiyo inayouinua mfarishi kuwa zaidi ya shuka la viraka, na ndiyo anayoitazama kwanza mtu anayejua.

Kwa hiyo ukienda kwenye maonyesho, anza na mgongo. Huruhusiwi kugusa, lakini utaona kina mama wa kujitolea wamevaa glavu nyeupe. Kazi yao ni hiyo hasa: ukiwaomba, wanakunja pembe ya mfarishi wakuonyeshe nyuma. Omba, wala usione haya. Nyuma utaona kama mafundo yamefichwa, kama bitana imevutwa sawasawa, na kama fundi ameweka jina. Nimejifunza mengi nyuma ya mifarishi kuliko mbele yake.

Jambo la pili, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: kuna nyumba mbili tofauti, na kila moja ina sheria zake. Ya kwanza ni tamasha la mashindano, lenye majaji na tepe za zawadi. Majaji hupima kona zinavyokutana, pindo lilivyonyooka, na mishono ya mkono mingapi imeingia katika inchi moja. Minane hadi kumi kwa inchi huhesabiwa kazi nzuri. Kwa muda mrefu mfarishi ulioshonwa kwa cherehani ulionekana kama umedanganya, mpaka mwaka 1989, pale Paducah, Kentucky, Caryl Bryer Fallert alipotwaa zawadi kuu kwa kazi iliyopigwa mishono yote kwa mashine. Palizuka kelele kubwa. Leo hakuna anayeshangaa.

Nyumba ya pili ni jumba la sanaa. Huko hakuna utepe wala anayehesabu mishono. Huko wanatafuta jicho: rangi zimewekwaje, na je, fundi amesema jambo ambalo hakuna mwingine angelisema?

Mfano mzuri ni mifarishi ya Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na mto pande tatu kule Alabama, ambako wanawake weusi, vizazi vya waliokuwa watumwa wa shamba la pamba, wameshona tangu zamani kwa jinzi zilizochakaa, magunia, na baadaye mabaki ya kodrai. Mistari yao haijanyooka. Kiraka kinaanza kirefu, kinaishia kifupi. Mishono ni mipana. Kwa jaji mwenye rula, kazi nyingi kati ya hizo zingerudishwa mapema. Lakini mwaka 2002 zilitundikwa katika Jumba la Sanaa la Houston, mwaka huohuo zikaingia jumba la sanaa la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu kumi. Sasa wewe, kabla ya kujaza fomu yoyote, amua unagonga mlango upi. Ukipeleka kazi ya jicho kwa jaji wa rula utarudi na maoni yatakayokukatisha tamaa bure, na ukipeleka kazi safi isiyo na neno lake kwa msimamizi wa jumba la sanaa, atakushukuru kwa adabu na hatakupigia simu.

Habari ya majina sasa. Mwaka 1971, Whitney hiyohiyo ilifanya maonyesho ambayo mpaka leo huhesabiwa kuwa mlango wa mifarishi kuingia kwenye sanaa kubwa. Jonathan Holstein na Gail van der Hoof walikuwa wamekusanya mifarishi ya zamani, wakaitundika kama michoro ya kisasa, na watu wa New York wakastaajabu: kumbe kina bibi wa vijijini walikuwa wakicheza na maumbo na rangi kabla ya wachoraji maarufu! Sifa zilimiminika. Lakini ukutani palionekana zaidi mahali na miaka kuliko majina ya walioshona. Miaka miwili baadaye Patricia Mainardi, msanii na mwandishi, alilisema hilo bila kupindisha: wanawake hawa walijua wanachofanya, na wengi waliweka saini na tarehe kwenye kazi zao. Mimi nakubaliana naye. Mfarishi ulikuwa sanaa tangu ulipokuwa kitandani. Aliyechelewa ni mtazamaji.

Linganisha na Harriet Powers. Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 alionyesha mfarishi wa visa vya Biblia kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, akautaka, Powers akakataa kuuza. Miaka ikapita, hali ikawa ngumu, akampelekea. Aliomba dola 10, akapewa 5. Inaumiza, lakini kuna jambo moja lililookoa heshima yake: Smith alikaa naye, akaandika maelezo yake juu ya kila picha kwenye kitambaa kile. Ndiyo maana leo, katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian, tunajua jina la aliyeshona na alichokusudia. Mfarishi wake mwingine uko Boston. Kati ya kazi zake ni hiyo miwili tu inayojulikana kuwepo.

Na kuna mfarishi ambao wenyewe ni majina matupu. Mwaka 1985 huko San Francisco, waandamanaji walibandika ukutani karatasi zenye majina ya waliokufa kwa UKIMWI. Cleve Jones akatazama ukuta ule, akaona mfarishi. Tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa kwenye National Mall, ule uwanja mrefu wa wazi jijini Washington, kila kimoja futi 3 kwa 6, kipimo cha kaburi. Leo vimefika takriban 50,000. Sisi tuliozika ndugu zetu miaka ya tisini, wakati ugonjwa wenyewe hautajwi hata msibani, tunajua ni jambo gani kuandika jina la marehemu kwa herufi kubwa na kulitandaza hadharani.

Haya, tushike sindano. Mgongo wa kazi yako, pembe ya chini, shonea kitambaa cheupe kimya, yaani kisicho na maua. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji, au tarizi kabisa: jina lako kamili, mji, mwaka, jina la kazi, na mistari miwili ya maelezo. Usiandike "Mama Asha" peke yake. Kina Mama Asha ni wengi, na miaka hamsini ijayo hakuna atakayejua ni yupi. Kishonee kabla ya kumalizia pindo, ili kishikwe na mishono ya mfarishi wenyewe. Cha kubandika juujuu mtu hukitoa kwa dakika moja.

Maelezo yaandike kwa Kiswahili kama ndiyo lugha uliyoshonea. Chini yake weka tafsiri ukipenda. Faith Ringgold, msanii wa Marekani aliyefariki mwaka 2024, alipokosa mchapishaji wa kitabu cha maisha yake alianza kuandika hadithi juu ya mifarishi yake, pembeni mwa picha. Kushona alikurithi kwa mama yake, Willi Posey, aliyekuwa mbunifu wa mavazi. Aliipendea pia nguo kwa sababu fundi anaikunja na kuibeba mwenyewe, hahitaji gari wala wabebaji. Sisi tunaopanda ndege na mabegi ya kilo 23 tunamwelewa.

Kuhusu kanga. Naulizwa sana kama inafaa. Inafaa, ila ifue kwanza, maana mpya ina wanga na huchuja rangi, na nyekundu ikivuja juu ya nyeupe umeharibu kazi ya miezi. Kata viraka kwenye mji na pindo, lakini jina la kanga usilipasue katikati. Nimeona kazi nzuri kabisa yenye nusu ya msemo kichwa chini, na kila Mswahili aliyepita alikuwa anainamisha shingo asome badala ya kutazama. Ama liache zima mbele, ama liweke nyuma. Doti ikiungwa upande mrefu hukupa bitana ya kama mita 1.5 kwa 2.2, inatosha kitanda kidogo. Vitenge havina shida hiyo, na Bisa Butler, msanii wa Marekani, ameonyesha vinaweza kufika wapi: picha zake za watu weusi, zimeshonwa kwa vitambaa vya aina hiyohiyo tunayovaa harusini, zimejaza kumbi za jumba la sanaa la Chicago. Anachagua kitambaa kwa maana yake kama sisi tunavyochagua kanga ya kumpelekea wifi.

Kama huna pamba ya katikati, watazame Wasiddi wa Karnataka, India, ambao mababu zao wengi walitolewa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mfarishi wao, kawandi, hushonwa kwa nguo kuukuu. Wanaanza pembezoni, wanazunguka kwa mshono wa bandi wakielekea katikati, na kila pembe humalizwa kwa kipande kilichokunjwa kiitwacho phula, ua. Bila maua hayo wenyewe husema uko uchi. Mimi hushona hivyo ninapokosa meza kubwa, maana unashikilia sehemu ndogo tu mapajani.

Kutundika: tamasha nyingi za hapa hudai mfuko mrefu wa upana wa inchi 4, umeshonwa nyuma upande wa juu, upitishwe ufito. Ushone kwa mkono, ukamate bitana tu, mishono isitokeze mbele. Usipigilie misumari na usitumie vibanio, uzito utapasua kitambaa. Usiutundike panapopiga jua la dirishani. Makumbusho hupunguza mwanga wa nguo za zamani hadi kama luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), ndiyo maana vyumba vile huwa na giza, wala si ubahili wa umeme. Ukiuhifadhi, uviringishe, au ukunje kwa mistari tofauti kila mara, ndani ya shuka la pamba. Plastiki huzuia hewa, na kwa unyevu wa Tanga au Mombasa utakuta koga.

Shangazi yangu alipoona picha ya kazi yangu ukutani alisema, "Kitu kinene hivyo umekitundika, na hapo kwenu kuna baridi?" Sikuwa na jibu. Nikamshonea wake, anaulalia.

Bei ndiyo inayonikasirisha. Fomu ya maonyesho huuliza thamani ya kazi kwa ajili ya bima, na wanawake huandika bei ya vitambaa tu. Hesabu saa zako. Weka risiti, piga picha kila hatua. Gee's Bend wenyewe, pamoja na sifa zote, baadhi yao walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2007 kudai haki yao kwenye fedha zilizotokana na kazi zao, shauri likaishia kwa makubaliano. Tangu 2021 wapo wanaouza wenyewe mtandaoni, kila mmoja kwa jina lake. Kwa hiyo mtu akitaka kuchapisha picha ya mfarishi wako kwenye vikombe au kalenda, muulize kwa maandishi analipa nini, hata akiwa rafiki.

La mwisho ni la adabu. Siku hizi wengi tunaunga viraka nyumbani, kisha tunampelekea mwenye mashine kubwa atupigie mishono ya juu. Fomu za hapa zina mstari wa jina lake. Mwandike, na pale mgongoni mwandike pia. Ukimsahau ataona picha mtandaoni, na mwaka ujao ukimpigia utaambiwa foleni imejaa.