Kwa nini dumu linaloelea halifuati mawimbi hadi pwani

Ndugu, umeuliza kwa nini dumu la kuonyesha lilipo dema lako, yaani mtego wa samaki, lililokatika kamba nje ya mwamba wa Jambiani wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, halikuletwa ufukweni ilhali mawimbi yote yalikuwa yakielekea huko. Nimetega madema upande huo wa Unguja kwa miaka mingi, na baadaye nikajifunza hesabu za mawimbi. Penye kina kirefu, wimbi husafiri lakini maji yenyewe karibu hayasafiri nalo.

Ukilitazama dumu kwa makini, utaona kwamba halipandi na kushuka tu. Wimbi linapokaribia, dumu huvutwa kwanza kuelekea wimbi linakotoka, kisha hupanda, husukumwa mbele likiwa kileleni, hushuka, na kurudishwa tena nyuma likiwa bondeni, hata njia yake ikawa duara lenye upana unaokaribiana na kimo cha wimbi. Maji ya chini nayo huzunguka hivyo hivyo, ila duara hupungua upesi kadiri unavyozama, na kwenye kina cha nusu ya umbali kati ya kilele na kilele mpiga mbizi hahisi karibu chochote.

Duara hilo halifungi sawasawa, kwa kuwa mwendo wa mbele juu unauzidi kidogo ule wa nyuma chini. Mwanahisabati George Gabriel Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1847. Chukua mawimbi ya kimo cha mita 1 yanayopita kila baada ya sekunde 8: yenyewe hukimbia takriban kilomita 45 kwa saa, lakini dumu hujipatia mita 45 hivi tu katika saa hiyo nzima.

Kinacholichukua dumu, basi, ni upepo na mkondo. Dumu tupu hukaa juu juu na kushikwa na upepo, ilhali lile lililoingia maji nusu huzama zaidi na kufuata maji. Ndiyo maana mawili yaliyokatika pamoja huweza kuachana kabisa. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, nao wakati wa kusi hupata nguvu hata ukaenda kilomita kadhaa kwa saa, mwendo ambao zile mita 45 haziwezi kushindana nao.

Hali hubadilika juu ya mwamba tu. Maji yakiwa haba, duara hubanwa likawa mwendo wa kwenda na kurudi, na wimbi likishavunjika maji yenyewe hurushwa mbele, kwa hiyo dumu lililofika hapo huingia ndani. Lako, nadhani, halikufika. Fuata mkondo kuelekea kaskazini: waulize kwanza wavuvi wa Bwejuu na Michamvi, kisha Uroa na Pongwe. Na kama siku zimepita, Matemwe.