Gawaneni sehemu, msigawane ndoo: maji ya bonde linalopita shehia mbili

Bonde la mpunga likipita shehia mbili, mzizi wa ugomvi hauko kiangazi. Uko masika, pale watu wa juu na wa chini wanapokaa barazani, maji yamejaa, wakaahidiana kiasi ambacho mto hautakuwa nacho mwezi wa pili.

Nchi kubwa zimenasa hapo hapo. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana Nile kwa namba: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, kwa wastani wa bilioni 84 kwa mwaka, na bilioni 10 zikahesabiwa kuwa za kupotea kwa mvuke. Ethiopia, kunakotoka sehemu kubwa ya maji hayo, haikuwekewa chochote. Marekani nako, mkataba wa mto Colorado wa 1922 ulitegemea vipimo vya miaka ya mvua nyingi, majimbo yakagaiwa maji ambayo miaka mingine hayapo. Namba ikishaandikwa, aliyepewa huidai hata mto ukikauka. Ndiyo maana tunazisihi kamati za mabonde, Unguja na Pemba: andikeni mafungu kwa kufuata eka za kila upande, na mkataba usitaje lita hata moja.

Hata hivyo kupima lazima mpime, tena kiangazi, ili mjue mpande kiasi gani. Tafuteni kipande cha mto kilichonyooka, mita 10, kisicho na magugu. Pimeni upana, kisha kina sehemu tano mchukue wastani. Tupeni chungwa: linaelea huku karibu lote limezama, kwa hiyo upepo hauliendeshi. Hesabuni sekunde, mrudie mara tatu. Tuseme upana ni mita 1.5, kina 0.2, na chungwa limetumia sekunde 25, yaani mwendo wa mita 0.4 kwa sekunde. Zidisheni vyote, kisha mara 0.8, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Mtapata lita 96 kwa sekunde. Mpunga, pamoja na maji yanayonyweka mtaroni, uhesabieni lita 2 kwa sekunde kwa hekta. Kiangazi mkipata lita 20 tu, basi ni hekta 10, kama eka 25, na anayelima zaidi ya hapo analima maji ya mwenzake.

Kigawio chenyewe, cha kugawa maji kwa mafungu hayo, ni ukuta mfupi wa zege unaokata mto, wenye nafasi za kupitia maji zilizo na kizingiti cha usawa mmoja. Wa juu wana eka 12, wa chini 18? Nafasi ya kwanza iwe sentimita 40, ya pili 60. Maji yakizidi au yakipungua, mafungu yanabaki yale yale bila ya mtu kushika lango. Usawa upimwe kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani, si kwa macho: kizingiti kikishuka sentimita 2 upande mmoja, siku ya maji haba upande huo unachukua karibu yote. Maji yaanguke angalau sentimita 15 baada ya kizingiti. Mtaro wa chini ukijaa tope hadi maji yakarudi nyuma, mgao umeharibika ingawa ukuta mzima. Mbele ya ukuta mto uwe umenyooka mita 3 au zaidi, ama sivyo mkondo unapendelea ubavu mmoja. Majani yasafishwe kila asubuhi, maana huziba nafasi nyembamba kwanza.

Mto ukishuka chini ya lita 10 kwa sekunde, acheni kugawa. Vijito viwili vyembamba vitanyweka njiani visifike jaruba lolote. Ingieni zamu, maji yote upande mmoja, na mbadilishane usiku na mchana kila wiki, kwani zamu za saa 12 zisizobadilika humwachia mtu mmoja usiku daima.

Taarifa kabla ya kujenga ni jambo ambalo watu hulipuuza. Makubaliano ya Nile ya 1929, kati ya Misri na Uingereza, yaliipa Misri kauli juu ya ujenzi wa nchi za juu ambazo, zikiwa chini ya Uingereza, hazikuulizwa. Tanganyika ya Nyerere iliyakataa mwaka 1962. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997, wa mito inayopita nchi zaidi ya moja, ulichagua njia ya kati: anayetaka kujenga awape wenziwe taarifa, nao wana miezi sita ya kujibu. Kwenu msimu mmoja unatosha, na taarifa ihusu pia mashine ya kuvutia maji. Mashine moja juu ya kigawio inakifanya pambo.

Kabla ya kutia saini, masheha wote wawili na wakulima wateremke pamoja hadi mikokoni, siku ya bamvua, waonje maji ya jaruba la mwisho. Yakiwa na chumvi, mto hauna tena nguvu ya kuizuia bahari. Ongezeni nafasi ya tatu ukutani, sentimita 10, isiyofungwa mwaka mzima, na maji yake yafuate mkondo wa mto wenyewe, si mtaro wa mtu.